Taa Ilipofumba Mara Tatu

Bi Esha anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema jioni ile ya mwezi ishirini na tisa wa Ramadhani alikuwa darini kwake akianua nguo, ingawa hakuna mtu katika mtaa wa Langoni anayeanua nguo baada ya magharibi ila yeye, na kamba yake imefungwa upande unaotazama ua wa jirani. Anasema taa ya Rasi Shungi ilifumba mara saba. Siku ya kwanza alisema mara tatu, kama walivyosema wote. Siku ya pili zikawa tano. Hadithi ilipofika kwenye ngazi za msikiti zilikuwa zimetimia saba, na Twahir, mlinzi wa taa, alikuwa ameonekana juu ya mnara akicheka peke yake. Kutoka maili nane, gizani. Bi Esha huyohuyo hawezi kutia uzi katika tundu la sindano saa sita mchana.

Mnara ule ulijengwa na serikali zamani, kabla Twahir hajazaliwa, ili meli zisipande miamba. Langoni walikuwa na matumizi yao mengine. Kwa miaka kumi na tisa, kila ishirini na tisa ya Ramadhani, Twahir alitazama mwezi kutoka juu, ambako minazi haizuii kitu. Akiuona, aliikinga taa kwa blanketi mara tatu, akatulia kadiri ya mtu kusoma Alhamdu, kisha akaikinga tatu nyingine. Tatu, kisha tatu. Serikali haikujua. Langoni walijua wote, na ikawa hawatazami tena mwezi. Watu ambao hawaoni uvivu kupanda darini kutazama chungu cha jirani kina nini, waliona uvivu kupanda kutazama mbingu.

Jioni ile ya mwaka wa hamsini na tano kulikuwa na wingu zito la kusi. Taa ikafumba mara tatu. Hakuna aliyengoja kadiri ya kusoma Alhamdu. Tatu ya kwanza ilipokwisha, watoto walikuwa wameshafika njiani wakipiga mabati, na wanawake wameshatia hamira katika unga. Asubuhi Langoni wakala mahamri na tambi na kaimati, wakapeana mikono, wakasameheana dhambi. Saa tatu ikaja habari kwamba mwezi haukuonekana popote, Kadhi hajatangaza kitu, na mji mzima umefunga ila wao.

Watu wa Mkomani, mtaa wa pili wa Amu, ambao wana visa vyao pia, hawakulala kwa kicheko. Waliwapa jina: wala thelathini, kwa kuwa siku ya thelathini waliila. Na asubuhi hiyohiyo Bwana Wazir, mwenye maduka mawili na nyumba tano, alikuwa ndiyo kwanza anatua kutoka Mokowe, ng'ambo ya maji, alikosema amekwenda kutazama mzigo wake. Alisimama kwenye ngazi za msikiti na kanzu yake ya safari, akawatazama watu wenye mafuta midomoni, akasema, "Astaghfirullah! Nani kawambia?" Machozi yakamtoka. Wengi waliyataja machozi yale kwa siku nyingi.

Siku moja ya kulipa si kitu. Aibu ndiyo iliyohitaji kupata mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mbali, juu ya mnara, hana wa kumsemea.

Siku ya pili ya Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, sahani za Idi alizopeleka Saadiya, mke wa Twahir, kwa majirani zilirudi. Ada ni sahani irudi na chakula cha mwenye nyumba. Hizi zilirudi na tambi zake mwenyewe, zimefunikwa kawa lake mwenyewe, hata uma haujazigusa. Alikuwa bado anazipanga jikoni, Bi Esha akaingia.

"Hodi," akasema, akiwa ameshakaa kitandani.

"Karibu, Bi Esha."

"Nimetumwa, mwanangu. Na mjumbe hauawi."

"Hakuna aliyeshika kisu. Sema."

Bi Esha akatengeneza leso yake kwanza, kwa kuwa habari mbaya alipenda kuila polepole. "Bwana Wazir asema harusi haiko. Asema hana ugomvi na mtu. Bali hawezi kumtia mwanawe Jeilani katika nyumba iliyowalisha Waislamu mtana wa Ramadhani. Mtu awe na dini, asema. Na kama si uzito, arudishiwe vitu vya posa."

Harusi ya Jeilani na binti wa nyumba ile, Mwanaarabu, ilikuwa iwe katikati ya mwezi. Saadiya akainuka. Alikwenda akaleta sinia la shaba, akaleta mrashi wa fedha, akaviweka chini mbele ya mgeni.

"Na kile kitambaa cha hariri?"

"Kimeshakatwa. Mwanaarabu anashona nguo."

"Kimekatwa!" Bi Esha akashika shavu. "Basi... mke wa Bwana Wazir alisema, hata kama kimekatwa. Vipande vitafaa mito."

Pazia la chumba cha ndani likafunguka. Mwanaarabu alikuwa na miaka kumi na minane, mtoto pekee wa nyumba ile, amesoma madarasa yote ya shule ya msingi kwa ukaidi wa baba yake, na kwa ajili hiyo alisemwa kuwa ana mato makavu, macho yasiyoona haya. Alikuwa na gauni mikononi, mkono mmoja wa gauni umeshashonwa na mwingine bado. Akalitupa juu ya sinia. Akarudi ndani, akaja na vipande vidogo, vingine upana wa vidole viwili, akavimwaga juu yake.

"Na uzi je, Bi Esha? Nikufumulie na uzi?"

"Usinijibu hivyo. Mimi nakutakia kheri. Unamjua Mahfudha wa kule kisimani? Alirudishiwa posa kwa kikohozi tu. Kikohozi! Leo ana miaka arubaini, yuko jikoni kwa nduguye akiosha sufuria za wifi zake. Sembuse hili la dini. Nani mwingine Langoni atabisha mlango huu?" Akajifunga leso, akajitwisha sinia. Mlangoni akageuka. "Na mrashi ulikuwa na marashi ndani. Hayamo."

"Yalirashiwa wageni siku ya posa," Saadiya akasema. "Na wewe ulirashiwa. Ulilowa mpaka mgongoni."

Bi Esha alipotoka, watoto wa kichochoroni walikuwa wakingoja dirishani. Walikuwa wameshatunga wimbo: "Taa fumba! Mama pakua! Taa fumba! Baba tafuna!"

Saadiya akafunga dirisha. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akakaa. "Baba yako atakuja mwisho wa mwezi," akasema. "Mwisho wa mwezi watakuwa wameshamposea Jeilani kwingine."

"Jeilani mwenyewe amesema nini?"

"Jeilani husema anaposemeshwa. Kesho twende rasini tukamuulize baba yako aliona nini."

Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kufika. Wanawake hawaendi kule, na hakuna aliyewahi kusema kwa nini.

Aliyewapeleka ni Famau, mzee wa Siyu aliyekuwa akipeleka maji na kuni kwenye mnara kila juma kwa mashua yake. Aliwakalisha katikati ya mapipa. Alipowatambua akaanza kucheka kwa pua.

"Ala! Nyinyi ndio mliotaka kutufungulia Ramadhani? Sisi Siyu tulifunga. Hatuna taa kule, mama. Tuna mato."

"Funga hilo tanga vizuri, Famau," Saadiya akasema.

"Nafunga, nafunga. Nafunga mpaka thelathini."

Njia ya kutoka ufukweni hadi mnarani ilikuwa ya mawe makali na miiba. Mnara wenyewe ulikuwa mweupe juu, na chini rangi imevimba kwa chumvi na kubanduka kama ukoko wa wali. Juu ya mlango palichongwa mwaka wa kujengwa, na tarakimu mbili za mwisho zilishaliwa na upepo. Twahir aliwaona wangali mbali. Badala ya kuteremka kuwapokea, alikwenda kuvaa koti lake la kaki lenye vifungo vya shaba.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwaminifu sana kwa vitu visivyosema. Alisimama mlangoni, akamtazama mkewe, akamtazama mwanawe, akatazama saa yake.

"Kuna msiba?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi mmekuya na ruhusa ya nani?"

"Ruhusa ya nikahi," Saadiya akasema. "Tupishe tuingie kivulini."

Aliwapisha. Lakini pale chini ya ngazi, juu ya meza ndogo, palikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa, na Twahir akaweka mkono juu yake. Hapandi mtu bila kutia sahihi, akasema; jina, tarehe, saa, na maoni. Ndiyo kanuni tangu mnara usimame. Kanuni nyingine zilikuwa zimebandikwa ukutani nyuma yake, na akawasomea pia, kwa kidole: kutogusa kioo, kutotema mate, na mgeni yeyote kutopanda baada ya taa kuwashwa.

"Twahir," Saadiya akasema, "posa imerudishwa."

Mkono wake ukabaki pale juu ya kitabu. "Imerudishwa kwa nini?"

Akamweleza: mahamri, Mkomani, sahani, Bi Esha, vipande vya hariri. Twahir alisikiliza akitazama kifungo cha koti. Alipokwisha, alisema, "Ishara ni tatu, kisha tatu. Miaka kumi na tisa. Wao waliona tatu wakakimbilia sahani. Mimi hilo lanihusu nini?"

"Kwa hiyo hukuuona mwezi."

"Ningeuonaje? Palikuwa na wingu."

"Na taa ilifumba kwa nini?"

Twahir akatazama saa yake tena. Mwanaarabu alikuwa ameshachukua kalamu atie sahihi, kwa kuwa alimjua baba yake: bila ya sahihi, mazungumzo yangeishia pale chini. Ukurasa ulikuwa umejaa nusu. Akatazama kwanza waliotangulia waliandika vipi. Wageni wa rasi ile walikuwa wachache. Ukurasa mmoja ulimaliza miaka miwili. Majina ya mwisho yalikuwa matatu, pamoja. Mawili yalikuwa ya mzungu mmoja wa ofisi ya serikali na mkewe. La tatu liliandikwa kwa herufi kubwa zenye mikia.

"Baba," akasema, "huyu Wazir bin Nur si baba yake Jeilani?"

Saadiya akageuka. "Soma."

"Wazir bin Nur. Tarehe ni ile, mama. Ile ya ishirini na tisa. Saa moja kasorobo jioni." Akasogeza kitabu kwenye mwanga. "Maoni: *Nyumba yangu inaonekana vizuri sana.*"

Twahir akatoa kitambaa mfukoni, akaanza kusugua kitasa cha mlango, ambacho kilikuwa tayari kinang'aa. Habari yote ilitoka hivyo, kwa vipande, amewapa mgongo. Walikuja kwa mashua ya mtambo ya ofisi. Bwana Wazir ndiye aliyewaongoza wageni. Alikuwa akitaka kibali cha kitu fulani. Taa ilikuwa imeshawashwa. Twahir akasema kanuni hairuhusu. Bwana Wazir akamvuta kando akamwambia, sisi sasa tu ndugu, Twahir, usiniaibishe mbele ya wageni. Wakapanda. Juu pana nafasi ya mtu mmoja kupita baina ya taa na kioo cha upande wa mji. Akapita mzungu kutazama mji wa Amu ulipo. Akapita mkewe. Akapita Bwana Wazir kuwaonyesha nyumba yake.

"Tatu," Mwanaarabu akasema.

"Nilimwambia! Nilimwambia, Bwana, toka mbele ya taa, leo ni ishirini na tisa, watu wanatazama. Akasema, Twahir, watu si wajinga." Kitambaa kikasimama. "Usiku walilala mashuani. Asubuhi wakamshusha Mokowe."

"Akaja kutulilia msikitini," Saadiya akasema. Alisema polepole, kama mtu anayeonja kitu kuona kama kimechacha. "Na wewe ulijua tangu siku ile kwamba tatu zimeonekana."

"Nilifikiri watangoja tatu za pili."

"Langoni? Na njaa?"

"Nikisema, nimekiri kuwa nilipandisha watu baada ya taa kuwashwa. Kazi imekwisha, Saadiya. Koti hili wanalivua."

"Nani atalivua? Ofisi? Waliopanda ndio ofisi. Watajishitaki wenyewe?"

"Mwanamke hajui kanuni."

"Hajui," Saadiya akakubali. "Nipandishe juu."

Alipanda ngazi zote bila kupumzika, buibui limekunjwa mkononi. Alisimama pale alipokuwa amesimama Bwana Wazir, mgongo kwenye taa, akatazama. Ulikuwa mchana mweupe, hakuna wingu. Amu ilikuwa mstari mweupe kama chokaa iliyomwagika, hata hujui pa kuanzia Langoni wala pa kuishia Mkomani.

"Aliwaonyesha ipi?"

"Palikuwa na karabai moja inawaka," Twahir akasema nyuma yake. "Akasema ndiyo ya roshani yake. Wakasema nzuri sana."

"Na ilikuwa ipi?"

"Ya forodhani. Wanapopimia samaki."

Saadiya akacheka. Hakikuwa kicheko cha furaha, na Twahir, aliyekuwa na desturi ya kuwatazama watu kutoka juu, alijisikia kwa mara ya kwanza kwamba ametazamwa. Waliposhuka aliombwa kitabu. Akasema kitabu ni cha serikali, hakitoki. Akaombwa aje mjini yeye mwenyewe, siku moja tu. Akasema taa haiachwi. Akaombwa barua. Akasema barua nayo ni kukiri.

"Kaa na shaba yako," Saadiya akamwambia.

Lakini hawakutoka hivihivi. Twahir alimsimamisha binti yake mezani: alikuwa hajajaza maoni, na nafasi tupu haikubaliwi. Mwanaarabu akachovya kalamu. Akaandika neno moja chini ya herufi zile zenye mikia: *Haionekani.*

Baba yake alilisoma, akalipuliza likauke, akafunga kitabu.

Baada ya alasiri wazee hukaa kwenye daka la Bwana Wazir, kwenye viti vya mawe pande mbili za mlango, wakinywa kahawa ya mwenye nyumba na kukubaliana naye. Hapiti mwanamke pale saa ile. Aliye na haraka huzunguka kwa nyuma. Siku ya pili yake Saadiya na Mwanaarabu walikuja moja kwa moja, wakasimama.

Bwana Wazir alikuwa amenyoosha miguu hadi katikati ya njia, tasbihi kidoleni. Alikuwa akiwaeleza wazee kwamba dini haiondoki kwa siku moja, huondoka kwa kuwaachia watu wadogo mambo makubwa. Maalim Abdulhalim, aliyewasomesha chuoni nusu ya waliokaa pale, alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Jeilani alikuwa mlangoni na birika la kahawa. Alipowaona, akatazama ndani ya birika.

"Salaam alaikum."

Wakaitikia, wachache, kwa chini.

"Bi Saadiya," Bwana Wazir akasema kwa upole ule anaowapa wapangaji wake, "mambo ya wanawake huzungumzwa ndani. Mke wangu yupo. Kama ni kwa ajili ya ule mrashi, tumesamehe."

"Sikuja kwa mrashi. Natoka Rasi Shungi."

Tasbihi ikakwama.

"Mbali huko," akasema.

"Mbali. Lakini pana ngazi nzuri, na meza ya kutilia sahihi. Na binti yangu, Mngu amlipe baba yake, anajua kusoma."

Mzee mmoja akaweka kikombe chini. Bwana Wazir akamtazama Mwanaarabu, na Mwanaarabu, ambaye mji mzima ulisema ana macho makavu, hakuyainamisha.

"Sitalisoma hapa nililosomewa kule," Saadiya akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, sauti ya mwanamke anayeuliza bei ya chumvi. "Sitaki hariri. Vipande vile fanyeni mito. Jeilani sikuombi, mtakapomhitaji kumwaga kahawa mtakuwa naye. Lakini huyu ana miaka kumi na minane, Bwana Wazir, na hakuna mlango utakaobishwa kwake maadamu watu wasema baba yake amewalisha Ramadhani. Wewe wajua kama aliwalisha yeye. Nakuomba neno moja tu, mbele ya wazee hawa. Waambie, magharibi ya ishirini na tisa ulikuwa wapi, na ulisimama mbele ya nini."

 Juu, darini kwake, Bi Esha alikuwa akianua nguo.

Maalim Abdulhalim akamgeukia mwenye nyumba, bado anatabasamu, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kuacha. "Si ulikuwa Mokowe, Bwana Wazir?"

Bwana Wazir hakumtazama Maalim. Hakumtazama Saadiya. Aliitazama miguu yake, akaikunja taratibu, mmoja kisha wa pili, akaivuta mpaka chini ya kiti, kama ampishavyo mtu mpita njia aliyekuwa akingoja nafasi.

Njia ikawa wazi. Saadiya hakupita; alikuwa bado anangoja neno moja.